Kaka Yetu Hakuwa Mlevi

Chumba cha uani,
Nyumba ileile ya zamani.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio chini ya paa lako. Mgongo wako unaendeleaje? Na zile ngazi za nyumbani kwako, bado unazipanda bila kushika ukuta? Swali hili la ngazi nijibu kwa kweli, usinijibu kwa adabu.

Mimi nipo, ila si wa kutegemewa. Kumeza kumekuwa kazi; hata chai naipigia hesabu kabla ya kuinywa. Daktari hakunificha, nami sikumlazimisha anidanganye. Ndiyo maana naandika leo, mkono ungali unakubali, ingawa utaona herufi zimetawanyika kama sisimizi waliomwagiwa maji.

Jumamosi nilikupigia simu. Nilisema maneno matatu tu, nawe ukasema, "Hata wewe, kaka? Na uzee huo?" ukakata. Tangu hapo hupokei namba yetu, hata binti yangu akipiga. Sikukasirika. Ulimi wangu ulikuwa mzito, nawe ulisikia ulichozoea kusikia. Lakini sikuwa nimekunywa, mdogo wangu. Sijanywa maishani mwangu. Siku hizi hivi ndivyo ninavyozungumza, na nikitoka kitini kwenda mlangoni nayumba njia nzima.

Barua yako ya mwisho imeninyima usingizi. Unasema mpwa wangu, mwanao, amedondosha sinia la vikombe mbele ya wageni kwenye hoteli anakohudumu, meneja amempa onyo, na anarudi nyumbani akipepesuka mchana kweupe. Unasema amemrithi mjomba wake Chakari, na mwisho wa mwezi atoke na virago vyake. Tafadhali, usimtoe. Barua huchelewa kufika huko, nami nahofia hii itakukuta umeshafunga mlango. Kabla ya neno jingine lolote, jiulize: umewahi kumnusa?

Mimi kaka yetu nilimnusa. Tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha chini na mimi cha juu, na hakuwahi kunuka kitu ila tapentaini ya kazi yake ya kupaka rangi. Nilijua hanywi. Hata hivyo ni mimi niliyempa jina la Chakari, siku alipokanyaga ndoo akaimwaga rangi nyeupe sebuleni. Wewe ulikuwa mdogo mno. Ulilikuta jina limeshakomaa, ukadhani alizaliwa nalo.

Mwanzoni ulikuwa mzaha. Kisha ikaja siku ambayo haukuwa mzaha tena, na hiyo ndiyo ninayotaka kuiungama nikiwa bado na pumzi. Tulipokwenda kumposa wifi yako, Mungu amrehemu, baba yake mdogo alimtazama kaka akiwa ameegemea mlango, akaniuliza, "Kijana, huyu nduguyo ana nini?"

Nilikuwa ndio kwanza nimeanza kufundisha biolojia. Nilishamwona baba yetu akitembea kwa kupapasa kuta, na nilishasoma jinsi maradhi yanavyoshuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Nilijua nikisema anaumwa, swali la pili lingekuwa, na wewe je? Mlevi ni aibu ya mtu mmoja. Ugonjwa ni wa ukoo mzima. Nikajibu, "Chupa tu, mzee. Mpokonye chupa uone anavyonyooka kama rula." Watu wakacheka. Kaka alikuwa papo hapo, naye akacheka kuliko wote. Mimi nikapata mke.

Yeye akabaki na jina. Wenye nyumba wakaacha kumwita awapakie rangi. Siku alipoanguka kazini, mafundi wenzake walipiga makofi kwanza. "Chakari kashuka bila kuaga!" Walipoacha kucheka ndipo walipoona mguu ulivyokaa. Hospitalini waliandika pombe, kwa kuwa sisi tuliompeleka ndivyo tulivyosema. Hakuna aliyetafuta zaidi, hadi tukamzika. Jina lilikuwa limeshajibu maswali yote.

Sasa daktari wa mishipa ya fahamu ananiambia ugonjwa huu hushika sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayomsaidia mtu kusimama wima. Baada ya kunihoji sana anaamini ndio uliokuwa wa baba, na wa kaka. Wengine huwaanza ujanani, wengine uzeeni. Hauponi, lakini anayetambuliwa mapema hufundishwa mazoezi, hupewa fimbo, hutafutiwa kazi ya kukaa. Mpwa wangu hajapimwa, wala wewe. Huenda nina hofu ya bure. Huenda kijana anakunywa kweli. Hata hivyo apimwe kwanza.

Binti yangu nilimweleza jana. Akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nakuomba umpeleke kijana kwa daktari wa aina hiyo. Karatasi ya daktari wangu nimeiweka humu. Mwonyeshe na meneja wake, asije akamfukuza kabla ya majibu. Na lile jina lisitamkwe tena nyumbani kwako, hata kwa utani. Likizoeleka, atalicheka na yeye mwenyewe ili tu mumwache kwa amani, nanyi mtadhani amekiri.

Nisalimie shemeji yangu fundi cherehani, mama mkwe wako, na yule mjukuu aliyeota meno mawili. Mola awafunike kwa huruma yake, na siku alizoniondolea mimi awaongezee ninyi.

Usijisumbue sasa kutafuta moyo wa kunisamehe. Huo ni mzigo wangu, nitakwenda nao. Na kama kijana ameshaondoka, usikae kunijibu. Vaa viatu, kamtafute.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni,

Mwalimu