Mshale Unaotazama Injini

Jumapili, 1 Juni

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, walio karibu na walio mbali: leo, baada ya tafakuri ndefu, nimenunua bomba.

Ekzosi nzima! Ya dukani, si ile iliyozaliwa na gari. Ile ilishaoza, imebaki kutu yenye umbo la bomba. Hii mpya haikuja na kichujio cha moshi, kwa hiyo nimekitafuta peke yake kwa muuza vyuma. Akaanza kunieleza, mama, hiki kazi yake ni — nikamwomba asinikingie mwanga. Nikakiinua juani, nikachungulia. Vitundu vyote vizima, kama sega la nyuki. Akauliza kama mume wangu ni fundi. Nikamjibu hapana, mume wangu ni abiria.

Ijumaa ni ukaguzi wa moshi. Gari likipita, nabeba watoto wa chekechea kuanzia muhula huu. Likianguka, kazi anapewa jirani mwenye gari jeupe. Mwalimu mkuu kasema hivyo bila kupepesa macho.

Jumanne, 3 Juni

Gari liko gereji kwa shemeji, mdogo wake mume wangu. Nilitaka kukaa nitazame anavyokifunga kichujio. Akasema hana kiti, na grisi itaniharibia gauni. Shemeji yangu kujali magauni!

Mume wangu naye: twende, mwachie mtu kazi yake. Akanishika mkono. Hadharani! Sikumbuki mara ya mwisho. Nikaona haya kama mwari, nikafuata.

Jumatano, 4 Juni

Limerudi. Linanguruma kuliko nilivyotarajia. Shemeji anasema ni upya tu, litazoea. Sijawahi kusikia bomba linalozoea.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetandika gunia, nimejilaza chini ya gari. Maungio mazuri, gasketi mpya, sina neno. Ila kichujio kina mshale uliogongwa kwenye bati lake, kuonyesha moshi unakoelekea. Unapaswa kutazama nyuma. Huu unatazama injini. Kakifunga kinyumenyume! Nikacheka peke yangu mle chini. Haraka za fundi.

Nikaenda gereji, nikamvuta pembeni wateja wasisikie, nimfichie aibu. Shemeji, mshale umegeuka. Hata hakuinua macho. "Haina tofauti, shemeji." Itakosaje tofauti? "We shemeji na vitabu vyako!" — kwa sauti. Wateja wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Njia nzima neno lile likanizunguka kichwani. Haina tofauti. Mtu aliyezeekea chini ya magari hasemi hivyo. Kipo kichujio kimoja tu kisichojali kimeelekea wapi: kisicho na kitu ndani.

Nikarudi kwenye gunia langu. Nikakigonga kwa ngumi. Kikalia kama sufuria tupu. Nikakwangua kwa ukucha rangi ya fedha iliyopakwa juu yake — kutu ya zamani! Changu hakikuwa na hata doa.

Nimempigia shemeji. Hapokei. Tena. Kazima simu kabisa.

Nimekaa pale chini hadi mgongo ukaniuma, nikisema basi, kaniibia, shemeji huyu. Mume wangu nikimwambia atawaka moto. Halafu nikaukumbuka ule mkono alionishika Jumanne.

Sijamwambia kitu. Nimempakulia, kala, kaomba nyongeza.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika ndani ya foleni ya ukaguzi, daftari juu ya usukani. Mume wangu kaomba kunisindikiza. Kavaa shati la kwendea harusini.

Nimemuuliza, sikuzunguka: kichujio changu kiko wapi? Kwanza, kichujio gani. Kisha, labda fundi kachanganya. Kisha akatazama magoti yake. Kiko kwenye teksi ya mdogo wake, yule yule shemeji fundi. Ilikuwa ifungiwe kwa moshi. Juzi imepita ukaguzi, wakashangilia wawili. Mimi nimewekewa ganda lake.

Na ulijua? Alijua. Yeye ndiye aliyetoa wazo!

"Mama watoto, wewe unajua magari, hukosi njia. Mdogo wangu hana akili hiyo."

Yaani nimeibiwa kwa sababu nina akili! Na ameisema kwa sauti laini, kama mtu anayenipa zawadi. Angekuwa amekiuza, ningeelewa. Huyu alitupima, mimi na mdogo wake, akaona mimi ndiye wa kuangushwa maana sitaumia.

Nimeumia. Sijui kama nimemwambia au nimeandika tu hapa.

Gari moja mbele yetu. Nimemwambia ashuke, aende mwenyewe kwa mkaguzi akamweleze, kwa mdomo wake, kwa nini gari la mkewe ni bovu. Nilidhani atabisha. Kashuka! Namwona anafunga kifungo cha juu, anakohoa, anagonga dirisha la ofisi. Anagonga tena. Mlinzi anamwambia kitu, anaonyesha saa.

Mkaguzi ameenda kula.