Chungu cha Harusi Isiyo na Pombe

Mjukuu wangu Athieno,

Nakusalimu kutoka hapa Mulanda. Sisi tu wazima, na mtama umeanza kuiva. Umeniuliza wageni wa harusi yako watakunywa nini, maana kanisani kwenu pombe ni mwiko.

Hata harusi yangu, enzi za mkoloni, haikuwa na pombe. Baba yangu mlokole aliikataza. Baba mkubwa wa babu yako alikuja na mrija wake mrefu kwapani, ule ambao wazee wetu hunywea pombe wakiwa wamezunguka chungu kimoja. Alipoona ni vikombe tu, chungu hakuna, akainuka aondoke, ukoo mzima nyuma yake.

Mama yangu aliingia jikoni. Alimimina maji ya nanasi, ukwaju na mchaichai kwenye chungu, yakiwa moto bado, akakiweka katikati ya ua. Mvuke ukapanda taratibu katika jua la jioni, na harufu ikatufunika kama usingizi. Mzee akageuka. Akarudi, akachomeka mrija, akavuta, akafumba macho.

"Hii si pombe," akasema.

Lakini alikuwa ameshaketi, na wenzake wamemzunguka, magoti yanagusana.

Basi vikombe viache dukani, mama. Wewe tafuta chungu. Mrija wa yule mzee ninao, nitakuja nao.

Ni mimi, bibi yako.