Maboksi ya Mtunzi wa Australia

Silver Spring, Novemba

Baba, shikamoo.

Nimefika salama kwa Neema. Baridi ya huku inauma masikio kuliko ya kwangu kule kusini mwa Marekani, lakini ugali tunakula. Jana mdogo wangu alinipeleka maktaba anakofanya kazi, ndiyo hii pichani. Akanionyesha maboksi ya marehemu mmoja wa Australia, mtunzi wa nyimbo za dansi, yamejaza rafu nzima. Juu ya noti za muziki kuna zile herufi zako za do, re, mi, yaani d, r, m, kama unavyowaandikia kwaya ubaoni. Nikajikuta nauimba wimbo mmoja.

Neema akanishika mkono. "Dada, hapa kimya jamani. Na huo sidhani kama hata kwao kuna anayeukumbuka."

"Sasa mnautunzia nini?"

"Akitokea mtu kama wewe, aukute."

Baba, nikawaza ubao wako. Kwaya ikishaushika wimbo, wewe unafuta. Mama alipofariki ulimtungia wimbo, na wote waliokuwepo makaburini wanasema walilia. Sisi wanao tulikuwa huku Marekani, hatukuwahi mazishi. Huo wimbo hatujausikia mpaka leo.

Nakuomba uuandike kwenye karatasi, sauti zote nne, umpe mchungaji anayekuja huku Krismasi. Neema ataimba ya kwanza, mimi ya pili. Ya tatu tutamtafuta mtu. Besi hatumpi mtu yeyote, hiyo ni yako.

Vaa sweta ukienda mazoezini, kifua hicho.

Mwanao,
Rehema