Isogi na Maji Yake

Jumanne, 5 Machi
Maharage nimeyaanika. Mbuzi amekunywa. Uwanja nimeufagia mara mbili, ya pili bila sababu. Mamamkwe hajala tena. Malaria imemtoka, dispensari wamesema, lakini hamu ya kula imeondoka nayo. Uji, hapana. Sombe ya majani ya muhogo, hapana. Anageukia ukuta. Tangu nitoke Congo kuolewa hapa Gitambi hajawahi kusifu sufuria yangu. "Bakongomani munapika mafuta ao chakula?" Kila siku. Sasa kimya. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Papa Neema, mume wangu, anasema mgonjwa haulizwi uji. Nani ameuliza? Nilimpa mama yake, akatema. Leo mamamkwe ametamka neno moja tu: isogi. Ala! Mboga chungu ile ilijiotea nyuma ya jiko mpaka juzijuzi. Papa Neema akaing'oa yote apande mahindi. Eti magugu. Sijamsemesha tangu asubuhi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimezunguka mashamba ya jirani. Hakuna. Sokoni lengalenga, yaani mchicha, tele, isogi hakuna. Wanawake wamenicheka, eti siku hizi nani anakula hiyo? Miguu inauma na haitaki kutulia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshuka na pikipiki. Nilipofika Muganza nimeona isogi kando ya barabara ya malori, nyeupe kwa vumbi la simenti. Nimeiacha. Nikaendelea mpaka Bugarama, joto la kuivisha yai. Maman Zuena, rafiki yangu anayelima mpunga, amenichumia nyuma ya nyumba yake. Furushi zima, na mbegu juu. Sikukaa hata kunywa maji.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepika nusu, kama mama yangu alivyonifundisha kwetu Uvira. Chemsha, mwaga maji. Chemsha tena, mwaga. Karanga nzito. Mzee amefungua kinywa mwenyewe! Ametafuna. Ameacha.
"Buchungu yake umeipeleka wapi?"
Ukuta tena. Nilitaka kuirusha ile sufuria uwanjani. Nusu iliyobaki nimeifunika kwa kitambaa chenye maji.

Jumapili, 10 Machi
Sikwenda kanisani. Mama alisema maji ya kwanza ya isogi yanakata tumbo. Na tumbo la huyu ni tupu. Akianza kuharisha, tutamzika. Asipokula, tutamzika vilevile. Nimetoka jikoni, nimeingia, nimetoka. Basi. Nimechemsha na maji yake, sikumwaga hata tone. Nimeonja. Yesu wangu! Nimetema mlangoni. Nimempelekea hivyohivyo.
Kijiko kimoja. Cha pili. Mchuzi ameunywa kwenye sahani. Tangu hapo nimekaa karibu na kitanda chake, nasikiliza tumbo la mtu mwingine.

Jumatatu, 11 Machi
Tumbo limetulia. Manyunyu asubuhi. Nimesia mbegu za Maman Zuena nyuma ya jiko. Papa Neema amezungushia miti. Majani yalikuwa yamebaki kidogo, nimeyapika yote na maji yake.
Mchana mamamkwe ameketi bila kushikwa. Amekula. Kisha ameniita kwa sauti mpaka jirani amesikia.
"Wee Mukongomani! Chumvi munaiogopaka?"
Nimerudi jikoni. Nimelia kidogo. Nimempelekea chumvi.