Upande wa Kushoto wa Leni

Anti Wakesho,

Ni mimi, Mshai. Nimekaa kwenye benchi lako, lile la kufungia viatu, na naandikia kwenye goti hadi mistari inapanda mlima. Leo ni Ijumaa, saa kumi na robo. Saa kumi na moja Mwakio, yule mwanafunzi wako mwingine, atafika hapa na Mwalimu Mghoi anayechagua timu. Nikishawaambia nitakachowaambia, sijui kama nitakanyaga hapa tena. Nimeona nikuambie wewe kwanza, kwa sababu wewe huwezi kuniangalia.

Samahani. Hiyo imetoka vibaya.

Tangu tukupandishe mlimani Mgange tukakuzika karibu na Babu, ni mimi ninayepaka mafuta leni za bolingi, hizi njia za mbao tunazorushia tufe kuangusha pini. Meneja alisema hapa hotelini hakuna mwingine anayejua. Kwa hivyo nikitoka shule nakuja, nafagia vumbi jekundu linaloingia hata madirisha yakifungwa, halafu napaka. Leni bado ni mbili. Feni ya upande wa jikoni imekufa. Watu wa harusi bado wanapiga picha na tufe na hawalirushi.

Siku ya kwanza nilipiga magoti kama wewe, soksi miguuni, tambara lako limezungushwa kwenye ubao. Nilikumbuka yote. Mafuta yaanzie karibu na mstari wa kurushia, theluthi ya mwisho ibaki kavu. Katikati mengi, pembeni kidogo, huku na huku sawasawa. Nilikuwa darasa la sita uliponionyesha kwamba kwenye mafuta tufe linateleza tu, likifika pakavu ndio linashika mbao na kupinda. "Mafuta ni matope, Mshai, pakavu ni lami, na dereva ni wewe." Mafuta yakizidi, linaenda moja kwa moja halisikii la mtu. Watu wakicheza sana yakaisha, linapinda mapema mno, linaikosa pini ya mbele. Mimi nilikuwa nalazimisha mkono. Wewe ukasema, "Wacha mkono. Hamisha miguu."

Lakini siku hiyo nilianzia upande wa kushoto wa leni, na huko nikamwaga mengi. Nilipogeukia upande wa pili, tambara likanipiga kwa harufu ya ile losheni yako. Nikashindwa, Anti. Nikainuka nikaacha ukanda mzima wa kulia mkavu.

Jioni nikacheza na Mwakio. Unajua sijawahi kumshinda hata mara moja. Siku hiyo tufe langu lilipokosea likaenda nje kulia, lilikuta pakavu likarudi lenyewe hadi kwenye pini. Lake, kwa kuwa yeye hurusha kwa mkono wa kushoto, lilipita kushoto kwenye mafuta yale yote na kuteleza bila kupinda. Nikapiga straiki, pini zote kumi kwa tufe moja, nikapiga nyingine. Watu wa jikoni wakatoka na aproni zao kupiga makofi. Mpishi akasema mkono wa Wakesho haujafa. Mwakio mwenyewe alikuwa anacheka: "Wee Mshai, umeroga hii leni ama ni Anti anakusukumia?"

Nilifurahi. Mimi, ambaye hata jina likiitwa darasani naitika mwalimu akiwa ameshafika kwa mwenzangu. Kupigiwa makofi!

Mara ya pili nilipaka vile vile, na macho yangu yalikuwa makavu kabisa, hakuna kilio cha kusingizia. Mara ya tatu pia. Baada ya hapo niliacha kuhesabu.

Mafuta hayaonekani ukiwa umesimama. Lakini wewe ulinifundisha kwamba tufe hurudi limebeba duara la mafuta, na ukilipangusa unajua limepita wapi. Mwakio naye ulimfundisha. Wiki iliyopita alipangusa lake akakitazama kitambaa muda mrefu. "Huku kwangu kumelowa, ama ni macho yangu?" Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imefungwa.

Sasa Mwalimu Mghoi amechagua. Jumapili timu ya vijana inaenda kucheza Mombasa. Voi tulipewa nafasi moja, na amenipa mimi. Mwakio hakununa. Aliniazima kitambaa chake cha kupangusia tufe, kile cha rangi ya maruni, kwa sababu changu kimechanika. "Usituaibishe huko, dada."

Naogopa Mombasa. Huko leni wanazipaka kwa mashine, pande zote sawa. Tufe langu litaenda nje na halitarudi, na kila mtu atashangaa yule msichana wa Voi alifikaje pale. Naogopa uso wa Mwakio zaidi. Na naogopa yale maneno ya mpishi, maana kama huu ndio mkono wako, basi nimekuchafua na wewe huna hata pa kujitetea.

Leo nimekuja mapema. Nimesugua leni yote kwa sabuni, nimeikausha, nimepaka upya, nikihesabu mbao kwa kidole kama wewe, kulia kisha kushoto. Halafu nikarusha moja. Likaenda nje, likabaki nje, likadumbukia kwenye mfereji wa pembeni. Nikahamisha miguu mbao mbili, nikarusha tena. Pini saba, Anti. Saba tu, lakini hizo hakuna aliyenisaidia kuziangusha.

Nitamrudishia Mwakio kitambaa chake. Nitamwomba Mwalimu atuangalie tukicheza upya, na akimchagua Mwakio nitamsindikiza hadi stesheni nikimbebea begi. Wakitaka ufunguo wa hapa, nao nitatoa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ninapokukuta.

Ninakuahidi kitu kimoja. Nitasema kabla hawajavaa viatu, tena kwa sauti ya kusikika. Wakishavaa, najijua, nitapata sababu ya kungoja.

Barua hii naikunja naiweka ndani ya begi la tufe lako, chini ya tambara. Kwaheri, Anti wangu. Pumzika, hata kama nimekuharibia mchana.

Pikipiki ya boda imesimama nje. Namsikia Mwakio akibishana na Mwalimu juu ya nani alikuwa amembana mwenzake huko nyuma. Anacheka. Bado anacheka.

Mshai