Maji Kwenye Figo ya Mtoto

Ifakara

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia mlio mmoja ukiwa bado masikioni mwangu: ti, ti, ti, wa kitufe cha mashine ya kupimia mimba. Daktari alikuwa akinitania vizuri tu. "Mwalimu, huyu Muha wako atazaliwa anadai migebuka ya Ziwa Tanganyika, na huku sisi tuna kambale wa mtoni." Nikacheka hadi tumbo likatikisika. Halafu akaisogelea skrini. Kikabaki kile kitufe, anapima mahali palepale, anarudia, anapima tena.

Baba mgongo umepoa? Na wewe, bado unapanda kile kilima cha kanisani kwa miguu? Huku bondeni mvua ni nyingi, barabara imekatika mara mbili mwezi huu. Mkweo Deo anakusalimu. Nimechagua barua kwa sababu kwa simu ungesikia sauti yangu kabla ya maneno, nami ningekata.

Mama, figo ya kushoto ya mtoto imevimba. Daktari alisema imejaa maji. Watoto wengi wa namna hiyo hupona wenyewe, wachache hawaponi, na hawezi kuniambia wangu yuko upande gani. Nirudi baada ya wiki nne. Alieleza mengi, lakini mimi nilitoka na maneno mawili tu: imejaa maji.

Mama yake Deo alikuja nyumbani kwetu Idete kutoka shambani, wanakolinda mpunga dhidi ya ndege. Alinisikiliza hadi mwisho, matope yakimkaukia miguuni.

"Imejaa maji?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa jaruba la mpunga likijaa unafanyaje, mwanangu? Si unaziba mfereji kwa juu? Wewe unakunywa majagi kama ng'ombe aliyetoka safari, litaacha kujaa?"

Deo alicheka. Mimi sikucheka. Mama, mimi nafundisha biolojia. Figo nimeichora ubaoni mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu unaijua bila macho. Na bado nikaanza kunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa sababu kila mtu alikuwa ameniambia nisubiri, na yeye peke yake ndiye aliyenipa kitu cha kufanya. Nilikaa hivyo siku kumi na moja. Midomo ilipasuka. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Siku ya kumi na moja nilianguka darasani, chaki mkononi, mbele ya kidato cha pili.

Hospitali nesi alinibana ngozi ya mkono, akaniangalia. "Mwalimu, nani amekunyima maji?"

"Nimejinyima mwenyewe."

Daktari hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. "Maji yale ni mkojo wa mtoto mwenyewe," alisema. "Njia ya kutokea ndiyo nyembamba. Wewe ukijikausha, unamkausha na yeye." Akapima upya. Figo imevimba zaidi kuliko mara ya kwanza. Nikamwuliza kama ni mimi. Akasema hapana, hali hii ingeongezeka hata ningekunywa mto mzima. Namwamini nikiwa na watu. Nikibaki peke yangu simwamini.

Mama mkwe alifika na chupa ya uji. Hakuniomba radhi, wala sikuitaka. Alikaa kitandani, akanishikia kikombe mdomoni kama mtoto. "Kunywa. Kunywa yote." Kisha, akiwa ametazama dirishani: "Kumbe mfereji umeziba kwa chini." Akanijazia kikombe cha pili.

Sasa nakunywa. Mtoto anacheza, hasa nikikaa. Kila anapocheza naomba msamaha, halafu najiona mjinga.

Nisalimie baba, na shangazi aliyenilea nilipokuwa shule ya msingi. Mdogo wangu mwambie asiache hesabu. Bibi mwambie mtoto ni mzito tu, neno la figo lisimfikie.

Nimelizungusha hili hadi salamu zimeisha. Najua chumba umeshakipaka chokaa. Najua kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, na kwamba majirani watakuuliza umemkosea nini mwanao. Lakini daktari anataka mtoto apimwe siku za kwanza kabisa baada ya kuzaliwa, na aangaliwe anavyokojoa. Akishindwa, apelekwe kwa wapasuaji bila kuchelewa. Zahanati ya kijijini kwetu haina mashine hiyo, na kutoka hapo hadi kwenye mashine ni safari ya nusu siku.

Sitakuja, Mama. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungeninyima kwa upole, nami ningetii. Nafasi yangu kwenye basi la kuja huko Kasulu nimeirudisha, na tangu Jumatatu nimehamia chumba kimoja hapa Kibaoni, karibu na hospitali.

Mwanao,
Yusta