Mkavu au Mbichi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, kisha uzigawe nusu kwa nusu: zako na wifi upande mmoja, za watoto upande wa pili. Natumaini kile kikohozi kilichomsumbua wifi kimekwisha, na kwamba cherehani za watu zinaendelea kuharibika kwa wingi ili fundi wao usikose kazi. Mama aliporudi kutoka kwenu alitusimulia siku tatu mfululizo jinsi mkubwa wako alivyorefuka. Baba alijifanya anasoma gazeti, lakini ukurasa haukugeuzwa hata mara moja.

Sisi huku wazima. Magoti ya mama yanalalamika akipanda ngazi, ila mdomo wake haujambo kabisa. Baba bado anafungua gereji saa moja kamili, ndani ya ile ovaroli ya bluu ambayo sasa viraka ni vingi kuliko kitambaa, na bado hataki redio iwashwe injini inaposikilizwa. Mimi naendelea na kazi. Wateja wapya wakiingia na kumkuta mwanamke bado wananiuliza fundi yuko wapi. Siku hizi nawaambia ametoka kidogo, kisha nainama kufungua boneti.

Ningeweza kuandika kwamba nimekuletea barua hii ili kukujulia hali tu, lakini ningekuwa nimeanza kwa uongo, na uongo ndio nimechoka nao. Ninalo jambo. Niruhusu nilifikie kwa mwendo wangu.

Mwezi uliopita alikuja mteja, mama mmoja wa makamo, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mpole, miwani yake ina kamba shingoni. Nilidhani ameleta gari libadilishwe oili. Kumbe kila Jumapili ya mwisho wa mwezi anashindana mbio za magari kwenye uwanja wa zamani wa ndege, mita mia nne, na yuko daktari wa mifugo aliyemshinda mara sita. Alinieleza hayo kwa sauti ileile ambayo mtu anaulizia bei ya vitunguu. Alitaka kufungiwa naitrasi, gesi ya kuongeza kasi. Alichokuja kuuliza ni kimoja: achukue mfumo mkavu au mbichi?

Wewe haya unayajua kuliko mimi, lakini nitakueleza kama nilivyomweleza yeye, maana kisa chote kimeanzia hapo. Nilimwambia kwamba gesi ya naitrasi inaipa injini oksijeni nyingi kwa ghafla, na oksijeni hiyo lazima ipewe petroli ya ziada, la sivyo moto unageuka mkali na kula vyuma. Mfumo mkavu unapuliza gesi peke yake, na petroli ya ziada inaletwa na nozeli za gari lenyewe, vile vipua vinavyorushia injini petroli, kwa amri ya kompyuta. Mfumo mbichi unakuja na petroli yake: gesi na petroli vinakutana kwenye pua moja, vinapulizwa pamoja ndani ya manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa. Mkavu ni salama kama nozeli zinaweza kuubeba mzigo. Mbichi ni salama kama manifoldi haina kona za kutuamisha petroli, na kama vipimo vya pande zote mbili vinalingana.

Basi nikalipima gari lake. Nozeli zilikuwa ndogo na tayari zinafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wao. Manifoldi ilikuwa ya aluminiamu, fupi, imenyooka. Kaka, kwa gari lile jibu lilikuwa mbichi, wala halikuhitaji kufikiriwa mara mbili.

Mimi nikamwambia mkavu.

Unajua kwa nini. Tangu siku ile gari lako lilipopasuka manifoldi mbele ya watu wote, boneti ikaruka, nawe ukatolewa garini, mkono wako wa kulia ukiwa umeungua hadi kwenye kiwiko, baba aliapa kwamba mfumo mbichi hautakanyaga tena gereji yake. Imepita miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kubishana naye. Nami kila mteja akiuliza, nimekuwa nikijibu kwamba mbichi ni hatari, ulimuunguza kaka yangu. Nilishazoea kulisema, likawa linatoka lenyewe kama jina langu.

Mwalimu hakuridhika. Alitoa daftari la miraba, akaniomba vipimo. Nikamwonyesha zile jeti mbili, vipande vidogo vya shaba vyenye tundu katikati: moja inapima gesi, nyingine inapima petroli, na huwa zinachaguliwa kwa jozi. Akachora mistari yake, akatafakari, kisha akauliza taratibu, "Na mtu akiongeza tundu la gesi, akasahau kuongeza la petroli?"

Nilimjibu kwamba mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, moto unawaka vibaya na unaweza kurudi nyuma kwenye manifoldi. Akauliza, "Sasa hapo kosa ni la mfumo, au la aliyebadilisha jeti?"

Nilikuwa nimeshika spana ya namba kumi. Nikaiweka chini, nikamwomba aje kesho.

Asubuhi iliyofuata, kabla hatujafungua, nilimkalisha baba kwenye kile kiti cha gari tulichokigeuza sofa, nikamwambia jambo ambalo kwa haki wewe ndiye uliyestahili kulisikia wa kwanza. Nisamehe kwa hilo pia. Sikuweza kumfungia Mwalimu mfumo mkavu na kumwacha ayeyushe pistoni akiwa kwenye mwendo kasi, na sikuweza kumfungia mbichi bila ruhusa ya baba. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Aliinuka, akafungua geti, akahudumia magari mawili. Mwalimu alipofika, ni baba aliyemfuata. Akamwambia kwamba gari lake linataka mbichi, na kwamba ataufunga kwa mikono yake.

Aliufunga kwa siku mbili. Tulichagua jozi ndogo kabisa ya jeti, akazipima yeye, kisha akanipa mimi nizipime tena mbele yake. Tuliweka swichi isiyoruhusu gesi mpaka akseleta ikanyagwe hadi chini na injini iwe imeshachangamka. Jumapili tulikwenda uwanjani sote wawili. Mwalimu alimpita daktari wa mifugo kwa urefu wa gari moja na nusu, akarudi akifuta miwani huku akitetemeka kwa kicheko. Baba aliinama kusikiliza injini, akazikagua plagi moja moja, akasema zina rangi nzuri, dalili kwamba gesi na petroli vinalingana.

Sasa kaka, nimefika.

Mkesha wa yale mashindano yako, ulipokwenda kuoga, niliingia chini ya boneti yako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka ushinde kuliko ulivyotaka wewe. Nilitoa jeti ya gesi uliyoifunga, nikaweka kubwa zaidi. Ile ya petroli sikuigusa. Sikujua kwamba zinakwenda kwa jozi. Hukuwa umenifundisha bado, nami sikuuliza, maana nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Ulipotokea ule mlipuko, wakati wengine wamekuzunguka wewe, mimi nilikimbilia gari. Niliitoa jeti yangu ikiwa bado ya moto, nikarudisha yako. Kovu lililoko kwenye kidole changu cha shahada, nililosema limetokana na pasi, ni la hapo.

Baba alipopekua gari hakuona kosa kwenye vipimo. Ndipo akasema maneno yale mbele ya mafundi wote, kwamba mikono yako haina adabu ya kazi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ukaondoka wiki ile na vidole viwili visivyokunjika, ukaiacha kazi uliyoipenda, ukaamini kwamba ulijiunguza mwenyewe. Mara mbili umeniandikia kwamba huwezi kuelewa ulikosea wapi. Kaka, hukukosea popote. Ulifunga sawasawa.

Sina la kujitetea. Nilikuwa mdogo siku ile, lakini sikubaki mdogo miaka yote kumi na moja.

Baba ameniambia kwamba mimi nitayamaliza na wewe kwa wakati wangu, ila yeye ana lake. Amekata tiketi ya Jumamosi ya tarehe ishirini. Basi linafika stendi yenu saa sita mchana. Amenikataza kukupigia simu. Anasema simu ingekulazimisha umpe jibu papo hapo. Atakaa kwenye benchi la abiria mpaka saa tisa, basi la kurudi linapoondoka. Usipotokea, amesema hatauliza kwa nini. Mama ameshampigia pasi shati.

Mimi sikuthubutu kuomba kiti kando yake. Siku ukitaka kuniona, au kunitukana, nitumie neno moja tu nami nitakuja. Ukikaa kimya nitaelewa vilevile.

Msalimie wifi, umweleze yote usifiche kitu, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anasema uvae soksi nzito. Nakuaga kwa heshima na kwa aibu,

Mdogo wako,
Bisibisi

Nimesahau hili: baba siku hizi hapendi kusukumwa mlangoni, huteremka wa mwisho. Ukiona abiria wamekwisha na hujamwona, usiondoke. Subiri kidogo.